Maji ya Mgeni

Mpima maji aliyefika Busi hakuwa mtu wa maneno. Kwenye kila kisima alisuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, akaijaza hadi shingoni, akapangusa kifuniko kwa pindo la shati, akaandika namba kwa penseli. Wino, alisema, hauaminiki mbele ya maji. Mkulima akimuuliza kama maji yake yanafaa kumwagilia, alijibu kwa sauti ya chini, "Tusubiri kipimo, ndugu yangu," na mikono yake haikusimama.

Kwa Sidonia, mkulima wa vitunguu, alikuta chupa imeshajazwa, imewekwa juu ya kigoda kilichofutwa vumbi. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akatumbukiza kipimo cha chumvi, akasoma. Akakipangusa, akarudia. Maji matamu kabisa. Ndipo akainua macho, akatazama bustani: vitunguu vimeungua ncha msimu wa pili sasa, na juu ya matuta chumvi imetanda nyeupe kama majivu.

Sidonia akatazama chini. Maji yale alikuwa ameyateka alfajiri kwenye chemchemi iliyo nyuma ya kilima, maana tangu azaliwe hajawahi kumpa mgeni maji ya chumvi, na leo asingeanza.

Mpima aliinua chupa, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa pindo lilelile la shati.

"Asante, mama. Ya mgeni nimekunywa," alisema, akiokota kamba ya ndoo. "Sasa nipe ya vitunguu."