Niliweka Makubadhi Mlangoni, Posa Ikanipita

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili nisije nikapata njia ya kumtupia mwengine. Hakunisukuma mtu. Nililichimba shimo mwenyewe, nikaingia, tena nikicheka.

Mimi ni mwanamke wa Mji Mkongwe. Niliachika zamani, sina mtoto. Naishi na shangazi yangu, Bi Rukia, kwenye kichochoro chembamba hivi kwamba jirani akikaanga pilipili, wa kwetu ndio wanaopiga chafya. Nasomesha watoto wadogo katika skuli moja ya maandalizi, Bububu.

Mwaka jana upweke ulinizidi. Ndipo nilipokutana kwenye simu na mama mmoja anayefundisha sheria ya mvuto. Alisema moyo wa mtu ni kama sumaku. Kitu ukikitaka usikiombe kinyonge, ishi kama kwamba tayari unacho, nacho kitakuja chenyewe. Anayetaka mume amfanyie nafasi: nusu ya kabati iwe tupu, sahani ziwe mbili, kitandani alale upande mmoja. Nikajiambia, haa, kumbe ndiyo maana! Miaka yote hii nalala katikati!

Nikaanza. Nguo zangu nikazisonga upande mmoja wa kabati. Chakula nikawa napakua sahani mbili, nakila chumbani, na kwa kuwa kwetu chakula hakitupwi, nikimaliza changu nakula na cha mume. Nikanenepa kwa ajili ya mtu ambaye hata jina simjui. Jioni namsimulia habari za skuli, kwa sauti, maana yule mama alisema sauti huuharakisha ulimwengu.

Mwisho nikenda Darajani nikanunua makubadhi ya kiume, ya ngozi, makubwa, kwani mume niliyemuagiza alikuwa mrefu. Nikayaweka nje ya mlango, kama yanavyokaa ya mwenye nyumba.

Jamani. Nyumba ya wanawake wawili wasio na waume, makubadhi ya kiume mlangoni asubuhi na mapema, na kichochoro kizima kinapita hapo kwenda kununua mkate. Mimi ninayesomesha watoto wa watu, akili yangu nilikuwa nimemuazima nani?

Wakati huohuo kulikuwa na mtu, nitamwita Salum. Alifiwa na mkewe, ana shamba la viungo Kidichi, na binti yake yumo darasani kwangu. Kila asubuhi akimleta mtoto hunisalimia langoni, bila haraka. Siku moja nilimwambia kwamba shangazi yangu kaanza kukohoa ovyo, kila anapopita mbele ya chumba changu. Kesho yake akaniletea mdalasini na tangawizi, kavifunga vizuri, na akaeleza namna ya kuvichemsha.

Nikampokea juujuu. Salum ni mfupi, ndevu zake hazijai kiganja, na ananuka karafuu. Mimi niliagiza mrefu mwenye kunukia udi. Na yule mama alishatuonya kwamba ukipokea pungufu ya ulichoagiza, unauambia ulimwengu umetosheka. Basi nikawa namkwepa Salum kama mtu anavyokwepa matone ya bati linalovuja.

Mchana mmoja narudi nyumbani, namkuta shangazi kakaa ukumbini na buibui lake, hajalivua. Akanambia kaja dada yake Salum kutoka Kidichi. Alikuja kuulizia habari zangu kimyakimya, kama watu wanavyofanya kabla ya kuleta posa. Alianzia kwa majirani, nao wakamwambia atazame mlangoni kwetu. Kisha akaingia, akanywa kahawa, akauliza jambo moja tu: makubadhi yale ya nani? Shangazi akamjibu ni ya mtoto wa kaka yake, kaja kutoka Pemba.

"Tunaye mtoto wa kaka Pemba?" nikauliza, mjinga mimi.

"Hatuna," alisema. "Majirani wote nimewaambia hivyohivyo. Nimesema uongo na funga yangu ya Alkhamisi. Sasa nambie, mwanangu, nani huyo? Aje aoe, yaishe."

"Hayupo, shangazi."

"Kenda wapi?"

"Hajaja bado."

Nikamweleza yote, kutoka kabati mpaka sahani. Naye akaniambia ya kwake: kifua chake hakikuwa na kitu. Alikuwa akikohoa ili huyo mwanamme wangu apate kujistiri. Na jioni akinisikia nazungumza, hufungua redio asije akasikia yasiyomhusu.

Nilikuwa karibu kucheka. Kisha akauliza taratibu, "Na Mungu, yeye umemwambia?"

Ulimwengu nilikuwa nauambia kila jioni. Mungu nilikuwa namwendea mbiombio, sala imekwisha na mswala nshaukunja. Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya buibui, na hapo kicheko kikanikauka.

Akasema uongo aliousema atakwenda kuufuta kwa ulimi uleule. Tukaenda Kidichi. Dada yake Salum, Bi Asha, alitupokea vizuri, akatukaribisha jamvini. Shangazi akaomba radhi, kisha nikaachiwa mimi nieleze. Nikaeleza kwa moyo wote: nguo, sahani, mazungumzo ya jioni, ule upande wa kitanda. Nilidhani najisafisha. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo Bi Asha alivyozidi kusogea nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Nilipokwisha, alinitazama kwa huruma. "Angekuwa mwanamme, ningesema ni udhaifu, mtu hutubu," alisema. "Lakini huyo wako si mtu, bibi. Huyo ni jini mahaba, na umemtandikia mwenyewe."

Akatuelekeza kwa mtu wa kunisomea dua, jini atoke. Akatupa na mkungu wa ndizi, tukaaga.

Njiani shangazi alijifunika uso kwa buibui. Tulipofika Bububu nikaona mabega yake yanatikisika. Nikamshika mkono nimbembeleze, kumbe anacheka. "Bora ningewaachia yule wa Pemba," alisema.

Nilicheka naye. Lakini posa haikuja. Salum alioa baada ya Ramadhani, mwanamke mwengine, na nasikia wanaishi kwa masikilizano.

Salum bado anamleta mtoto skuli. Siku hizi husimama ng'ambo ya lango, ananisalimia kwa kichwa, na midomo yake inachezacheza. Nilipoitazama vizuri nikajua anasoma Ayatul Kursiyyu, anajikinga na jini wangu. Siku ile niliwaacha watoto na mwenzangu, nikenda nyuma ya darasa, nikalia.

Mkiniuliza kama sheria ya mvuto ina gharama, ya ulimwengu siyajui. Najua kwamba mume aliye hai, mpole, mwenye kuuliza hali za wazee wangu, alisimama mbele yangu kila asubuhi, nami nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kuzungumza na ukuta.

Dada zangu, na kaka zangu pia, kutaka si dhambi. Takeni, na mumuombe Mungu. Lakini mtu akisimama mbele yako akakusalimia, mwitikie kwanza.