Udongo Usiochemshwa

Juzi, kwenye foleni ya chanjo ya homa ya matumbo pale Kihesa, mama mjamzito aliyekuwa mbele yangu aliuficha mkono ndani ya kanga.

“Sindano itamfikia mtoto, dada,” alimwambia muuguzi. “Siingizi mwilini kitu nisichokijua.”

Akafungua pindo la kanga, akamega udongo wa kutulizia hamu ya mimba, akatafuna taratibu.

Muuguzi, naye mjamzito, tumbo mbele, hakugomba. “Mama, maji ya kunywa unachemsha?”

“Kila siku.”

“Na huo udongo?”

Foleni nzima ikacheka. Mama mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akanyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki na udongo wake.

Mimi nilikuja na kisingizio cha mafua ili nisichanjwe. Nilikimeza, nikakunja mkono wa shati.