Baiskeli ya Viti Viwili

Mtaani walimwita Bi Gololi, na jina hilo hakupewa kwa umbo lake, maana alikuwa mrefu na mkavu kama mpini wa jembe. Alilipata kwa tabia ya kupiga magoti. Gololi moja ikimponyoka wakati anafungua gurudumu, kazi yote ilisimama mpaka ipatikane. Mteja angesema, "Bi mkubwa, si utie nyingine tu," naye angeendelea kupapasa chini ya meza, akinung'unika kwamba gololi haipotei, inajificha.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake. Nyuma kulikuwa na chumba cha kulala, jiko, na uani wenye kamba ndefu ya kuanikia, iliyofungwa zamani nyumba ilipokuwa na watu. Siku hizi nguo zake zilichukua pembe moja tu ya kamba hiyo, na iliyobaki waliitumia ndege.

Baba ndiye aliyemfundisha ufundi. Walizaliwa wawili, yeye na kaka yake, lakini kaka hakupenda mikono inayonuka grisi, akaenda kutafuta maisha kwingine. Bi Gololi akabaki. Wachumba walikuja, tena si wabaya, ila baba alikuwa ameanza kuugua miguu, na kila mchumba alitaka kujua mzee ataachiwa nani. Baba alipofumba macho, wale wachumba walikuwa wameshaoa na watoto wao wanaenda shule. Mwenyewe alilisimulia jambo hilo kwa kicheko. "Nilikuwa kwenye foleni," alisema, "nikatoka kidogo. Kurudi, dirisha limefungwa."

Pembeni mwa karakana, juu ya matofali, ilikaa baiskeli ya viti viwili. Baba aliinunua ikiwa chakavu kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anahama, akaapa kuifufua, na hakuifufua. Ilikuwa ndefu kama ngazi, ina usukani wa mbele wa kuongozea na wa nyuma wa kushikilia tu, haina matairi, na kutu ilikuwa imeila kila mahali isipokuwa cheni, ambayo Bi Gololi aliitia mafuta kila mara kwa sababu ya mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa kaka yake. Mama yake alipofariki, kaka alimleta akiwa na miaka mitano, na begi moja. "Nishikie kidogo," alisema, kama mtu anayeacha mzigo stendi. Hicho kidogo kikawa miaka. Mtoto akakulia katikati ya tyubu na pampu, na miguu yake ilipoanza kufika kwenye pedeli, mahali pake pakawa kiti cha nyuma cha ile baiskeli. Alikanyaga hewani mchana kutwa.

"Tumefika wapi, Shangazi?"

"Tunavuka mto," Bi Gololi alijibu bila kuinua kichwa. "Inua miguu usilowe."

Mtoto aliinua miguu.

Halafu kaka akaoa tena, akaja kumchukua binti yake. Ilikuwa haki yake, na mke mpya hakuwa mtu mbaya. Bi Gololi alimsuka mtoto nywele, akamkunjia nguo, akawasindikiza mpaka kona, akarudi. Hakumwambia mtu yeyote kwamba jioni ile alipika chakula cha watu wawili, na kwamba ilimchukua muda mrefu mkono wake kujifunza kupunguza.

Binti hakumsahau. Alipiga simu, alikuja likizo, kisha akaanza kazi na likizo zikawa chache. Mwaka aliotimiza ishirini na saba alitokea mlangoni mchana, akakaa kwenye kibao cha wateja, akasema anaolewa.

"Na baada ya harusi tunahama, Shangazi. Kazi yake iko mbali. Mbali sana."

"Mbali ndiko watu wanakokwenda," Bi Gololi alisema. "Na mimi nikufanyie nini?"

Binti aliinuka akaigusa ile baiskeli. "Hii. Nataka isimame mlangoni mwa ukumbi, imepakwa rangi ya maziwa, ina maua. Kila anayeingia aione kwanza. Utaweza?"

"Swali gani hilo unaniuliza?"

Aliianza kesho yake. Aliifungua yote, akaiweka vipande vipande juu ya magunia, akaisugua kwa msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini, mistari yake imefutika. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda, akainyoosha kidogo kidogo kwa kukaza na kulegeza spoku, kisha akayavisha magurudumu matairi mapya. Fremu ilikuwa na ufa karibu na kiti cha nyuma, akaipeleka kwa mchomeleaji, akasimama pale pale mpaka ikaisha, maana hakutaka mtu aichomelee huku anaongea na simu. Rangi aliipuliza mwenyewe uani, ameifunika ile kamba ya nguo isipate madoa. Viti alishonewa upya na fundi cherehani wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye maneno, kwa ngozi ya rangi ya kahawa.

Mpambaji wa harusi alikuja kupima. Alikuwa kijana nadhifu mwenye tepu ya kupimia shingoni. Alizunguka baiskeli, akaridhika.

"Itapendeza, Mama. Ila usijisumbue na breki wala cheni. Haitatembea. Itasimama tu pale watu wapige picha."

"Baiskeli isiyotembea ni kichanja cha vyombo," Bi Gololi akasema. "Mimi sitengenezi vichanja."

Mpambaji alicheka kwa adabu, akaendelea kupima.

Ilipokamilika likaja tatizo ambalo hakuwa amelifikiria. Baiskeli nyingine zote alizijaribu mwenyewe, anapanda, anazunguka mtaa, anarudi. Hii ilitaka watu wawili. Mmoja anaweza kuiendesha, sawa, lakini huwezi kujua kiti cha nyuma kitabeba vipi kama hakuna aliyekikalia. Akaenda kwa fundi cherehani.

"Mimi?" yule mwanamke akasema, sindano mdomoni. "Jirani yangu, miguu hii ni ya cherehani. Nikikaa juu ya kile kidude nyuma yako, wewe mbele utapaa."

Wakacheka. Kisha Bi Gololi akatafuta mwingine kichwani, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, akaona kwamba aliwajua watu wote wa mtaa kwa baiskeli zao, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kugonga mlango wake na kusema, njoo tupande pamoja. Akampigia binti.

"Jumamosi, Shangazi. Nakuja mwenyewe. Tutaizungusha mimi na wewe."

Jumamosi alifagia karakana, akavaa suruali ya zamani ya baba yake isiyonasa kwenye cheni, akaitoa baiskeli barazani, akakaa. Wateja wawili aliwarudisha. Jua lilipohama kutoka barazani kwenda ukutani, ujumbe ukaingia kwenye simu: gauni limebana, yuko kwa mshonaji, amsamehe sana. Bi Gololi aliandika, "Usijali mwanangu." Akairudisha baiskeli ndani.

Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, aliipanda peke yake. Ilikuwa nzito kuanza, halafu ikakubali. Ilikuwa nzuri, wala hakuhitaji kuambiwa. Iliteleza kimya, usukani umetulia. Ila nyuma yake alisikia kitu. Pedeli za nyuma zimeunganishwa na za mbele kwa cheni, yeye akikanyaga na zenyewe zinakwenda, na sasa zilikuwa zinazunguka bila miguu, zikitoa mlio mdogo, kama mtu anayemfuata akipumua. Aligeuka kutazama. Alijua hakuna mtu, lakini aligeuka, na nusura aingie mtaroni. Alishuka, akaikokota hadi nyumbani.

Binti alikuja siku chache kabla ya harusi, na mchumba wake. Mchumba alikuwa kijana mpole, alimwamkia Bi Gololi kwa mikono miwili na kumwita Shangazi tangu neno la kwanza. Alipoiona baiskeli aliinama kuangalia cheni.

"Hii kweli inatembea?"

"Panda uone," Bi Gololi akasema. Alishaishika, tayari kuielekeza barabarani. Kichwani mwake yeye ndiye angekaa mbele. Lakini kijana alisikia neno panda, akapanda. Alikaa mbele, kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo, na binti akamtupia shangazi yake mkoba, akakunja gauni, akakaa nyuma. Wakayumba, wakapiga kelele, wakanyooka.

Bi Gololi alisimama na mkoba kifuani. Fundi cherehani alitoka kuangalia. Kutoka mbali walisikia sauti ya binti: "Tumefika wapi?" na kijana akajibu kwa nguvu, mtu mwaminifu, "Kwenye duka la dawa!"

 Walipogeuza na kurudi binti alikuwa anacheka, lakini alipomtazama shangazi yake macho yake yalikuwa na maji, au labda ulikuwa upepo.

"Kiti cha nyuma kinatikisika?" Bi Gololi aliuliza.

"Hakitikisiki hata kidogo."

"Basi." Akampa mkoba wake.

Ukumbini baiskeli ilisimama mlangoni imefunikwa maua meupe, mbele kibao cha Bwana Harusi, nyuma kibao cha Bibi Harusi. Mpambaji alikuwa amefunga magurudumu kwa waya isiondoke. Wageni walipiga picha mpaka wakachoka. Kwenye meza ya wazazi alikaa kaka na mkewe. Bi Gololi aliwekwa kwenye meza ya ndugu wa upande wa baba, kando ya mama mmoja aliyemwuliza yeye ni nani wa nani. Mshereheshaji alimshukuru mpambaji kwa ubunifu wake. Binti alipopita na bwana wake alijitenga, akainama, akaweka shavu lake juu ya kichwa cha shangazi yake, akakaa hivyo kidogo huku watu wakisubiri, kisha akavutwa kwenda meza nyingine.

Siku ya pili maharusi walikwishapanda ndege, na Bi Gololi akapigiwa simu aje kuiondoa baiskeli, kuna sherehe nyingine. Alikata waya, akang'oa maua, akaiendesha hadi kwenye mwinuko wa barabara ikamshinda, akashuka akaisukuma. Watu njiani walimtania, "Bi mkubwa, abiria kaangukia wapi?" Alijibu kwamba ameteremka kituo cha nyuma.

Gundi ya mpambaji haikutaka kutoka. Alikaa nayo jioni nyingi, kitambaa na mafuta ya taa, akiisugua taratibu asiharibu rangi. Alikuwa kwenye kazi hiyo simu ilipolia.

Binti alizungumza juu ya baridi, juu ya nyumba nzuri, juu ya madirisha yasiyofunguka. Halafu akaanza upya.

"Shangazi, mwenzangu anatoka asubuhi, anarudi giza limeingia. Sijui mtu. Siku nzima sifungui mdomo. Wewe uliwezaje miaka yote hiyo?"

Bi Gololi alisugua doa moja la gundi. "Nilikuwa na kazi," akasema.

"Na jioni?"

Aliangalia kitambaa mkononi. "Jioni sikuweza, mwanangu. Nilikuwa nangoja iishe."

Huko mbali binti alikuwa analia polepole, na Bi Gololi alimwacha alie, hakumwambia anyamaze. Alipotulia, binti alisema, "Usikate simu. Endelea na unachofanya. Nataka kusikia tu."

Bi Gololi aliiweka simu juu ya meza, kati ya bisibisi na kopo la grisi, akaongeza sauti. Akachovya kitambaa, akarudi kusugua.  Baada ya muda gololi ilidondoka kutoka mezani ikabingirika chini ya meza, na sauti kwenye simu ikauliza, "Imekwenda wapi hiyo?"

"Sijui bado," akasema, akipiga magoti. "Ngoja niitafute."