Matairi Yaliyokwenda Ukaguzi Tu

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula uwele wa mbegu. Aliyelima anajua maana yake: ile mbegu uliyoifungia kwenye kibuyu uje uipande mvua zikianza, unaitoa, unaisaga, unasonga ugali, na kila tonge unalomeza unajua unameza shamba la mwakani. Tulikula na mlenda mkavu. Mlenda ulipoisha tukala na chumvi. Hata majirani zetu wapya wa Mkonze, wale wenye nyumba za vigae na mageti, walikuwa wananunua unga wa kupima kwa kikombe wakijifichaficha. Mtu akikuuliza ni mwaka gani, mwambie huo. Tarehe nazisahau, lakini ladha ya ugali ule ninayo mdomoni mpaka leo.

Mjukuu wangu alikuwa darasa la saba. Nilikuwa naye tangu ana miaka sita, tangu ajali iliyomchukua baba yake, yaani mwanangu wa mwisho, pamoja na mama yake. Yeye alitolewa mzima, ila wakamwekea chuma mgongoni, na miguu ipo tu, haitembei. Mgongo haukunji. Kwenye bajaji haingii labda umlaze kama gunia, na ukimlaza analia mpaka mnafika. Anakaa wima kwenye kiti chake cha magurudumu, na kiti kinapanda nyuma ya kirikuu yangu, kile kigari cha mizigo, kwa njia ya chuma niliyochomelewa na fundi. Nakifunga mikanda minne, naingia mbele, naendesha. Ndiyo, naendesha mwenyewe. Marehemu mzee wangu, baba wa wanangu, alinifundisha tukisomba maji ya kuuza, na leseni ninayo. Shuleni niliishia la tatu, lakini gia nazijua zote.

Shule yenye njia ya kiti iko Nkuhungu, mbali na kwetu Mkonze. Kila siku nilimpeleka, nikamrudisha. Ana akili ya kukera huyo mtoto, anakusahihisha hata unaposali. Mwalimu mkuu aliniambia kuna shule ya bweni inayochukua watoto wa namna yake, lakini lazima afanye mtihani wa taifa na afaulu. Siku mbili, Jumatano na Alhamisi. Akiukosa, anarudi uani kuchambua mboga na mimi mpaka nife. Na mimi nikishakufa, nani atamgeuza usiku? Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna.

Basi Jumatano moja kabla ya Jumatano hiyo, trafiki akatusimamisha. Binti mdogo tu, kofia imemzidi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Gari linabeba mwanafunzi. Stika ya ukaguzi iko wapi?"

"Huyu ni mjukuu wangu, siyo mwanafunzi."

"Mama, amevaa sare."

Nyuma mtoto akacheka, msaliti. Yule binti akazunguka gari, akapiga tairi teke kidogo, akarudi dirishani. Hakuwa mkali. Ningependa awe mkali, ningepata pa kumshika. "Nakupa wiki moja, mama. Nikilikuta tena barabarani bila stika, linalala kituoni. Siyo mimi, ni sheria ya magari ya wanafunzi."

Wiki moja. Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa inaangukia asubuhi ya mtihani wa kwanza.

Alhamisi nikaenda kwenye ofisi ya ukaguzi. Kijana wa dirishani akaniambia maombi yanapitia kwenye mfumo. Nikamuuliza huyo mfumo anakaa wapi nimfuate na kuku. Akacheka, akanielekeza steshenari ya jirani, binti wa pale akaanza kubonyeza. Kadi ya gari ina jina la mzee wangu. Akarudi kuuliza dirishani, wakamwambia mwenye gari afike mwenyewe.

"Mwenye gari yuko makaburini Mkonze," nikawaambia. "Mmfuate nyinyi wenye miguu mizuri."

Wakataka barua ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji amekwenda semina Chimwaga. Ijumaa nikakaa kwenye ngazi ya ofisi yake tangu asubuhi, upepo wa mwezi wa tisa unanijaza vumbi jekundu masikioni, mpaka aliporudi mchana na mkoba wa semina. Aliandika barua akiwa amesimama, maana niliziba mlango. Nikaikimbiza dirishani. Yule kijana akaisoma, akagonga mhuri, akatazama kompyuta yake.

"Nafasi ya karibu ni wiki mbili zijazo, Bibi."

Mimi siombi watu. Nimezika mume, nimezika mwana na mkwe kwa siku moja, sikumwomba mtu. Siku ile nilitoa kwenye khanga karatasi ya namba ya mtihani ya mtoto, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, nikaishikilia hapo kwa kiganja. Kijana akaisoma, akainuka, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu.

"Jumanne asubuhi," alisema aliporudi. "Nimekubana katikati ya mabasi. Ila Bibi, likifeli siku hiyo, mimi sina nafasi nyingine."

Jumamosi nikalipeleka gari kwa fundi. Fundi huyu ni wa mtaani kwetu, amezeeka na gari langu. Akalala chini yake, akatoka, akanisomea makosa kama padri anayesoma matangazo ya ndoa. Breki za nyuma. Taa moja ya mbele. Honi inakohoa. "Hayo nayamaliza leo. Tatizo viatu vya gari, mama. Vyote vinne vipara."

"Najua."

"Basi usiogope." Akaingia nyuma ya banda lake, akatoka anaburuta magunia mawili.

Hapa nieleze, maana asiye wa kwetu hatajua. Kule kwetu, kila mwenye kirikuu anayajua matairi yale. Yako manne, mazuri, meno yote yapo. Yanakaa kwenye gunia kwa fundi. Gari likiwa na siku ya ukaguzi, linavalishwa, linakwenda uwanjani, linapita, linabandikwa stika, linarudi, linavuliwa. Jioni yako kwenye gunia yanamsubiri mwingine. Hakuna anayelipa, ni ujirani, kama kuazimana chungu cha msiba. Fundi alikuwa na utani wake kwamba matairi yale yamekaguliwa kuliko gari lolote Dodoma.

Alipofungua gunia nikayaona. Nikamwambia:

"Tairi la kuazima halipandi kwenye gari langu."

"Mama, kila mtu—"

"Umenisikia."

Akafunga gunia polepole. Yeye ni mmoja wa wachache waliojua, ila alidhani nimesahau. Watu hudhani mzee amesahau kwa kuwa hasemi.

Matairi yale ni yangu. Niliyanunua mimi na mzee wangu mwaka wa zabibu nyingi, mapya, na harufu yake. Mwanangu naye alikuwa na kirikuu yake, anabeba mizigo na abiria wawili watatu, na alikuwa na ukaguzi. Vyake vipara. Akaja asubuhi, kichwa kimeinama, akaniambia, "Mama, niazime miguu ya gari lako, nairudisha jioni." Nikamwazima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtaa wetu, mchezo huo tuliuanzisha sisi. Akapita. Akarudi anapiga honi, stika inang'aa kwenye kioo, mke wake na mtoto wanapunga mikono.

Jioni hiyo niliyafuata matairi yangu. Angeniomba siku mbili zaidi ningempa, lakini hakuomba, na sisi kesho yake tulikuwa na maji ya kusomba. Nilishika spana mwenyewe. Nilikaza nati za vile vipara vyake kwa mkono huu, nikajisifu kwamba nimekaza vizuri. Siku ya tatu, barabara ya Kondoa, tairi la mbele likapasuka kwenye mteremko.

Kabla ya stika, mwanangu aliendesha vipara kama ninavyoendesha mimi: polepole, akijua ni vipara. Stika ilipobandikwa akaanza kuiamini yeye mwenyewe, mtu aliyejua ilipatikanaje. Hicho ndicho kinachoua. Baada ya maziko niliyavua matairi kwenye gari langu, nikamtupia fundi, nikamwambia ayachome moto. Hakuyachoma. Nani anachoma matairi mazuri? Yakaingia kwenye gunia, yakaanza kuzunguka mtaa.

Mtoto hajui. Nimemlea, nimemwogesha, nimempaka mafuta kovu la mgongo kila jioni, sijamwambia kwamba nati zile nilikaza mimi. Atajua akisoma hapa.

Jumapili baada ya kanisa niliswaga mbuzi wangu wawili mpaka mnadani. Walikuwa mbuzi wa mwisho, na mwaka ule mbuzi walikuwa wamekonda mpaka unaona wanawaza nini. Wakazaa matairi mawili. Manne yalihitaji mbuzi wanne. Nikamaliza maduka yote ya matairi nikiuliza nani atanipa mawili nimletee zabibu zikiiva. Walinijibu kwa heshima, "Zabibu gani, mama, mwaka huu?" Mmoja akanipa maji ya kunywa. Jumatatu nikarudia maduka yale yale, kama mwendawazimu anayefungua sufuria lile lile akitegemea nyama.

Jumanne nikaenda ukaguzi na mawili mapya mbele na vipara viwili nyuma. Mkaguzi alikuwa baba mtu mzima, Mgogo mwenzangu, akanisalimu "Mbukwa" nikafarijika kwa dakika mbili nzima. Breki akazipitisha, na taa. Honi akaipiga mara mbili, akatabasamu. Kisha akaenda nyuma, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi lililo laini kama kichwa cha mtoto mchanga. Nilijua anatafuta namna ya kusema.

"Mbele pazuri, mama. Nyuma siwezi."

"Najua huwezi."

"Nipo hapa mpaka saa sita. Ukirudi na mawili ya nyuma, nalitazama bila kupanga tena."

Nikatoka getini nikisukumwa na honi za mabasi. Na nje, kwenye kivuli cha ukuta, fundi amesimama na magunia yake. Alikuwa amepanda bodaboda kutoka Mkonze, yale manne yamefungwa mgongoni kwa mpira, mtu mzima yule.

"Mama, nisikilize. Mawili tu. Jeki ninayo. Dakika ishirini unaingia, unapita, kesho mtoto yuko kwenye mtihani."

Niliyatazama. Nitasema kweli, mkono ulikwenda. Niligusa moja. Mpira wake ulikuwa na joto la jua kama ngozi ya mtu, na meno yake yote yalikuwepo, kana kwamba hayajaliwa na barabara hata moja. Saa ilikuwa nne. Nilikuwa na saa mbili za kumwokoa mtoto au kumpoteza, na kitu cha kumwokolea kilikuwa mkononi.

"Tairi la kuazima halipandi kwenye gari langu."

Fundi akakaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa. "Ni yako, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Hayajawahi kuwa ya mtu mwingine." Yalikuwa yangu mpaka siku nilipoyavua kwenye gari la mwanangu. Nililirudisha gari kwa njia za panya, nikaliegesha nyuma ya nyumba, nikang'oa nyaya za betri ili nisijaribiwe asubuhi.

Kesho yake nilimsukuma kwa mikono; kirikuu za majirani zilikuwa na stika za matairi yale yale, sikutaka apande hata moja. Mkonze mpaka Nkuhungu, tulitoka kabla ya kupambazuka, na kwenye korongo lenye mchanga magurudumu yalizama mpaka nikamgeuza nikamvuta kinyumenyume. Akaingia chumba cha mtihani midomo imekauka, mgongo umemkakamaa, anaandika huku machozi yanadondoka kwenye karatasi. Alhamisi tukarudia. Sijui kama nilifanya vema. Waliomwona akilia vile barabarani waliniita katili, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Lakini nataka kumalizia na jioni ya Jumanne, kabla ya yote hayo, maana ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko korongo. Nilimkuta uani kwenye kiti chake, vitabu mapajani.

"Bibi, fundi amepita hapa."

"Amesema nini?"

"Kwamba umekataa matairi. Na kwamba ni yako wewe, ya zamani. Kweli?"

"Kweli."

"Sasa kama ni yako, unaazima kwa nani?" Anajua kubana, yule. Kisha akaacha ujanja, uso ukavunjika, akawa mtoto tu. "Bibi, nikisukumwa mbali naumia. Nikiumia siwezi kufikiri. Siku mbili tu, Bibi. Kisha tunayarudisha."

Baba yake alisema hivyo hivyo, kwenye ua huo huo, kichwa kimeinama. Nikapiga magoti mbele ya kiti, nikamshika miguu yake yote miwili, ambayo haisikii mkono, nikamwambia:

"Tairi la kuazima halipandi kwenye gari langu."