Pula ya Fundi wa Msanzi

Nilipofungua gereji yangu Sumbawanga, kando ya barabara iendayo Kasesya, sikuwa na kifaa cha kung'olea beringi za magurudumu. Nilikuwa na nyundo, tindo na mikono yangu. Magari ya Probox yanayobeba abiria wa Namanyere yaliletwa kwangu yakivuma tairi la mbele, na kila mara nilimtuma mke wangu, aliyekuwa akiuza uji wa ulezi pale mbele ya gereji, akaniazimie kifaa hicho, yaani pula, kwa fundi mmoja wa ng'ambo ya stendi.

Nilimtuma yeye kwa sababu hakukataliwa. Yeye na yule fundi wamezaliwa Msanzi, nyumba zao zikitazamana, na yule bwana ndiye aliyepeleka posa kwao kabla yangu. Mimi ni mtoto wa wafugaji waliohamia Rukwa na ng'ombe wao. Kifipa changu kinaishia kwenye salamu.

Siku moja alichelewa, nikamfuata. Nilimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, anakula hindi la kuchemsha, wanazungumza Kifipa na kucheka hadi yule fundi anajifuta macho. Waliponiona walihamia kwenye Kiswahili. Kile Kiswahili ndicho kilichoniuma.

Wiki ile ile nikaenda duka la vifaa. Muuzaji aliniwekea viwili mezani. Kimoja kilikuwa bolti ndefu yenye vikombe vya chuma: unaipitisha katikati ya beringi, unakaza kwa spana taratibu, na beringi inatoka polepole bila kupigwa. Kingine kilikuwa fimbo ya chuma yenye kipande kizito kinachoteleza juu yake. Ukikivuta kwa nguvu kinagonga mwisho wa fimbo na kung'oa habu, kile kitovu cha gurudumu. Muuzaji aliniuliza natengeneza magari gani zaidi, akashauri nichukue cha vikombe. Lakini cha vikombe ndicho alichokuwa nacho yule bwana, nami sikutaka mke wangu aone kwangu kitu alichokwisha kukiona kule. Nikabeba fimbo.

Nyumbani mke wangu aliinyanyua, akairudisha chini. "Nzito," alisema, akaendelea kuchekecha unga.

Probox ya kwanza iliyokuja, habu ilitoka kwa mivuto michache. Nilimtazama mke wangu nione kama ameona. Kisha nikachungulia ndani: beringi ilikuwa imebaki ileile, imeshika kwenye nyumba yake, na fimbo yangu haikuwa na pa kuishikia. Nikachukua tindo. Nilipiga mpaka jasho likanitoka katika baridi ya Sumbawanga, chuma kikaanza kuchubuka, na dereva akauliza kama si afadhali avutwe apelekwe kwa yule fundi mwingine.

Mke wangu alifuta mikono kwenye kanga, akainuka.

"Kaa," nilimwambia. "Nitakwenda mwenyewe."

Nilitembea nikiwa nimejiandaa kuchekwa. Yule fundi hakucheka. Alisikiliza, akachukua vikombe vyake, akaja nami kwa miguu. Mimi nilishika upande wa ndani, yeye akakaza. Alipoiona fimbo yangu alisema ni nzuri kwa habu, yeye hana, atakuwa anakuja kuiazima. Mke wangu alimletea uji, kikombe kilichojaa kuliko vile anavyowapimia wateja, au niliona hivyo. Mke wangu aliporudi kwenye uji wake, nikamuuliza yule fundi jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mtu.

"Huwa mnazungumza nini na mke wangu?"

Aliendelea kuzungusha spana. "Mama yangu anaumwa kule Msanzi," alisema. "Mimi na kaka yangu hatusemezani. Dada huyu akitoka kwao ndiye ananiambia mama ameamkaje."

Beringi ikatoka, ikaanguka mkononi mwangu ikiwa ya moto. Nilimwamini. Lakini kicheko kile nilichokikuta siku ile hakikuwa cha habari za mgonjwa.

Jioni nikamuuliza mke wangu. Hakukasirika. Alisema habari za mgonjwa ni kweli, na kucheka pia ni kweli.

"Hapa mjini nazungumza lugha ya watu siku nzima," alisema. "Pale nazungumza ya kwetu. Unataka niache?"

Nilitaka. Nikamwambia hapana.

Baadaye nilinunua na vile vikombe, kwa hiyo pula haiazimwi tena. Yule fundi huja kuchukua fimbo yangu na huirudisha imefutwa vizuri. Mke wangu bado hupita kwake anaporudi kutoka Msanzi, na huniaga kabla ya kwenda. Siku akikawia, nasimama mlangoni na spana mkononi, kama mtu anayesubiri gari.