Boksa Nyuma ya Mlango

Wanaume wa rika langu hatuaniki boksa. Shati litakaa kambani mbele ya nyumba, na hata soksi zenye matundu, lakini boksa hufuliwa bafuni kimyakimya, ndani ya maji yaleyale ya kuogea, hukamuliwa mara moja na kutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, chini ya taulo, ili mgeni asiione. Mimi nafundisha Migori, mke wangu anafanya kazi Homa Bay, na tunaonana wikendi. Kwa hiyo nimefua namna hiyo miaka mingi bila shahidi.

Mwaka huu nilibadilisha sabuni ya unga. Nilichukua ile yenye harufu ya maua kwa sababu pakiti ilinipendeza. Nina shahada mbili. Baada ya wiki moja kinena kilianza kuwasha, kisha korodani. Ngozi ikakauka na kutoa magamba, nami nikawa nafundisha nikiwa nimejibana nyuma ya meza.

Nikaenda duka la dawa mjini. Muuzaji alikuwa na koti jeupe, na nadhani ni koti hilo lililosomea udaktari.

"Inakuwasha wapi, mwalimu?"

"Huku chini."

"Mama mnaishi naye?"

"Yuko Homa Bay."

Akaguna kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Basi ni ile ya kuambukizana. Meza hizi, na yeye ameze zake. Ukijitibu peke yako ni kazi bure."

Hakutazama. Hakuuliza ninaoga na nini. Aliuliza mke wangu yuko wapi, basi, akanifungia vidonge vya watu wawili, mafuta ya kupaka, na dawa ya maji ya kuua viini. Nami, ninayewanyima wanafunzi alama kwa kuandika hitimisho bila ushahidi, nikaitikia kwa kichwa na kushukuru.

Ile dawa ya maji nilijimwagia bila kuipunguza makali. Iliniunguza hadi machozi yakanitoka, nikafurahi, nikidhani inafanya kazi. Boksa nazo nikaziloweka humohumo. Kufikia Ijumaa ngozi ilikuwa imepasuka na nilikuwa natembea kama bata.

Jumamosi, Homa Bay, niliweka vidonge kando ya sahani ya mke wangu.

"Vya nini?"

Nikaeleza, kwa maneno niliyoyachagua njia nzima, kwamba ni vizuri kutibiwa pande zote mbili. Akarudisha tonge la ugali kwenye sahani.

"Baba watoto, sema vizuri. Mimi ndiye nimekuletea ugonjwa, ama ni wewe umeniletea?"

"Sijasema hivyo."

"Umekuja na vidonge. Vidonge vimesema."

Miaka kumi na tisa ya ndoa ilikuwa imekaa pale mezani, karibu na samaki anayepoa. Nililala kwenye kochi. Jumatatu akanipeleka kliniki, tupimwe wote wawili.

Daktari, mama wa umri wetu, alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: aliniambia nivue suruali, akatazama. Mke wangu alikataa kutoka nje.

"Unaoga na nini?" Nikamtajia. "Unapaka nini?" Nikamtajia. "Na boksa unasuuza mara ngapi?"

Nikavuta suruali juu.

"Hasuuzi, daktari," mke wangu akasema.

Vipimo vyetu vyote vilikuwa safi. Sabuni ndiyo iliyoanza, dawa ya maji ikaongeza, na mafuta yale makali yakamalizia. Ngozi ya hapo ni nyembamba kama ya kope, daktari alisema. Niache vyote, nioge kwa maji matupu, nijikaushe taratibu bila kusugua, nipake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, na ile dawa nyepesi ya ngozi aliyonipa, siku chache tu. Boksa ziwe za pamba, zisibane, zisuuzwe mpaka maji yatoke safi, zianikwe juani.

Nilirudi kwa yule wa koti nikiwa nimepanga hotuba nzima. Aliniwahi.

"Ilipona, mwalimu?"

"Ilikuwa sabuni."

"Eeh, hata sabuni inaweza," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Nilibaki na hotuba yangu. Ninayo hadi leo, nayo bado ni ya moto. Mtu yule alichukua umbali wa mke wangu akaufanya ugonjwa, na mimi nikaubeba hadi nyumbani, nikamwekea mezani.

Ngozi ilipona. Wikendi iliyofuata mke wangu alikuja Migori, akatungua boksa zote kwenye msumari na kunipa karai.

"Suuza. Kisha uanike."

"Wapi?"

"Kamba iko wapi?"

Kamba iko mbele, inatazama barabara. Akaleta kiti, akaketi, na ile pakiti ya vidonge, ambayo hajaitupa, akaiweka mapajani. Nikaanika sita, jirani akinisalimia kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Ya saba akaniomba aione. Akaikamua kidogo, akatazama maji yaliyotoka.

"Hii bado ina povu," akasema. "Rudia."

Nikarudia.