Tindwa wa Matogoro na Watoto Wasiokaa

"Mtu akitulia tu, mimi Tindwa nikamnyunyizia maji yangu, Mdachi atamaliza risasi zake zote, halafu atakuja kwangu kuomba chumvi."

Aliyasema hayo mbele ya watu, Matogoro, mwaka 1905, kibuyu cha ugimbi mkononi na povu la pombe kwenye sharubu. Hakuna aliyemuuliza chumvi inahusiana nini na risasi. Watu walikuwa wamechoka na kodi, wamechoka na viboko vya Wajerumani wa boma la Songea, na mtu aliyechoka hivyo hachambui sana maneno ya mlevi.

Kabla ya hapo Tindwa alikuwa msukaji wa nyungo. Na tuseme ukweli, alikuwa msukaji mbaya. Ukipepeta ulezi kwenye ungo wake, ulezi unapita chini na pumba zinabaki na wewe. Kila mwanamke wa Matogoro alinunua kwake mara moja, akapata fundisho. Kwa hiyo alipopita mgeni kutoka upande wa Namtumbo na kibuyu cha dawa ya vita, ile iliyovuma nchi nzima kwamba inageuza risasi kuwa maji, Tindwa alikuwa wa kwanza kuacha kazi. Hakuwa na kazi ya kuacha, lakini aliiacha kwa kishindo.

Mgeni alimwachia nusu kibuyu. Tindwa akakijaza kijitoni. Kilipopungua akakijaza tena, na tena. Mwisho wake dawa ile ilikuwa maji ya kijito yaliyowahi kukaa jirani na dawa.

Kilichobaki kilikuwa masharti, na kwa masharti Tindwa alikuwa fundi kweli. Aliyatunga kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Wakati wa kunyunyiziwa hakuna kucheka. Hakuna kugeuza shingo, kujikuna wala kupiga chafya. Kila mwanamume alete kuku, akae chini mstarini, aangalie mbele. Wanaume waliokuwa wakiangusha nyati waliganda mbele ya fundi wa nyungo kama magogo, nzi wakiwatembea usoni.

Sasa, kulikuwa na mtu mmoja Matogoro asiyejua sharti hata moja. Aliitwa Swalehe, mtoto wa miaka miwili na kitu. Baba yake alikuwa Nditi, kijana wa hapo hapo. Mama yake alikuwa Biasha, Myao aliyeolewa kutoka Tunduru, na kwa hiyo hata akimaliza miaka kumi pale angeitwa wa kuja. Siku Nditi alipokaa mstarini, Swalehe alimfuata baba yake. Alikaa mapajani kwake kwa muda wa kutafuna karanga tatu. Akaona jani, akaliokota. Akaona kuku wa malipo, akampa kuku lile jani. Kuku alikataa. Akaenda kwenye chungu ambamo Tindwa alikuwa amemimina dawa, akatumbukiza mkono mpaka kiwikoni, akamwagia kuku. Halafu akaona mjusi, na habari za dawa, kuku na vita zikaisha hapo hapo.

Mstari wote ulicheka. Nditi alicheka mpaka machozi. Tindwa alitazama kuku waliofungwa miguu wakimngojea, akatabasamu.

"Hakuna neno," alisema. "Mtoto naye amekingwa. Endeleeni kukaa."

Vita ilikuja. Bombomu ya boma, ile bunduki inayomimina risasi mfululizo, haikujua habari za chungu cha Tindwa. Nditi hakurudi, na wengi wa mstari ule hawakurudi. Baada ya hapo askari wa Mdachi walipita nyumba kwa nyumba wakichoma maghala, na njaa ikakaa mahali pa vita. Watu wakawa wanapanda milimani kufukua ming'oko, vile viazi vya porini, wakirudi navyo na kugawana kikapu kimoja kwa kaya.

Tindwa mwenyewe hakufika vitani. Alifika kwenye shamba la viazi la jirani yake, mguu ukamshika. Mguu upi, ilitegemea siku. Alirudi nyumbani akichechemea, akakaa barazani, na huko ndiko wajane walikomfuata.

Aliyetangulia alikuwa Kasiana, aliyebatizwa na mapadri wa Peramiho kabla misheni haijachomwa. Mgongoni alikuwa na Eusebi wake, rika la Swalehe.

"Shemeji Tindwa," alisema, "ulimwambia mume wangu risasi itakuwa maji."

"Nilimwambia atulie."

"Alitulia. Nzi aliingia puani, hakupiga chafya. Nilikuwepo, nilimwona yule nzi."

"Alitulia yeye," Tindwa akasema, na hapo ndipo kichwa chake, ambacho kwa kawaida kilifanya kazi polepole kuliko mikono yake, kilipokimbia. "Je, wote walitulia? Nani alitia mkono kwenye chungu changu? Nani alimmwagia kuku dawa ya wanaume? Kile si kitoto. Mmewahi kukiona kimekaa? Kile kimeingiwa na kitu, shemeji. Mwiko ulivunjwa na mtoto wa yule wa kuja."

Mtu mzima, mwenye sharubu, anamtwika vita nzima mtoto ambaye hajaweza kutamka neno vita. Lakini mwenye msiba hutaka jibu, na jibu la Tindwa lilikuwa jepesi kubeba. Maneno yakazunguka kijiji kabla ya jua kuzama. Asubuhi yakafika kwa jumbe.

Jumbe huyo alikuwa amewekwa na boma baada ya vita, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba alipatikana. Alifikiri kidogo. Ming'oko ilikuwa inapungua. Midomo miwili ikitoka, kikapu kinaongezeka. Akasema kama mtoto ana mwiko, basi yeye na mama yake watafute njia ya Tunduru. Njia ile wakati huo haikuwa na chakula wala usalama. Kumwambia mwanamke mwenye mtoto aondoke msimu ule ilikuwa kumwambia akafe, ila kwa adabu.

"Na tutajuaje kama ana mwiko?" jumbe aliuliza, maana alipenda mambo yaonekane yamefuata utaratibu.

Tindwa alikuwa amejiandaa. "Mtoto wa kawaida ukimwambia kaa, anakaa. Wangu mimi, Zabibu, nikimwambia kaa anakaa mpaka nimsahau. Huyo tumweke mkekani, mbele ya chungu cha maji, kwa muda wa kiko kimoja cha tumbaku. Akikaa, ni mtoto. Akiinuka, mmejionea."

"Kiko cha nani?"

"Chako, jumbe."

Jumbe aliliona wazo hilo ni la busara sana.

Biasha alikuwa amesimama nyuma, Swalehe akining'inia kwenye kitambaa chake, akivuta huku, akivuta kule. Alijua mwanawe hakai hata kwa muda wa kuwasha hicho kiko. Alijua pia kwamba kukataa ni kukiri. Alipiga magoti kidogo, kama inavyompasa mwanamke mbele ya jumbe.

"Sawa, baba jumbe. Akae. Ila nina ombi moja."

"Sema."

"Asikae peke yake. Mtu mmoja akipimwa peke yake tutajuaje kama kipimo ni kirefu au kifupi? Leteni watoto wote wa rika lake. Na Zabibu wa shemeji Tindwa naye aje, tujifunze kwake."

Wanawake walitazamana. Tindwa aliitikia kwa kichwa. Mtu akishatangaza utulivu wa mwanawe mbele ya jumbe, hawezi kusema leo mtoto ana mafua.

Mkeka ulitandikwa uani kwa jumbe. Chungu cha maji kikawekwa mbele. Watoto wakaketishwa mmoja mmoja, Swalehe, Zabibu, Eusebi wa Kasiana na wengine wa nyumba za jirani. Mama zao wakarudi nyuma. Jumbe akashindilia tumbaku, akachukua kaa la moto, akavuta.

Moshi wa kwanza ulipotoka, kitoto cha jirani kiliinuka kuukamata. Hakikuukamata, kikageuka kutafuta ulikokwenda, kikajikwaa kwa mwenzake, na yule mwenzake akaona hapo ndipo pa kuvua kitambaa chake na kumvisha mtu mwingine. Huyo mwingine hakutaka. Wawili wakaanza kuvutana, wa tatu akaondoka zake kumfuata kuku wa jumbe, ambaye naye alikuwa amekonda lakini alikimbia vizuri.

"Wakalisheni," Tindwa alisema.

"Tuliambiwa tusiwaguse," mama mmoja akamjibu.

Zabibu alikuwa bado amekaa. Tindwa akaanza kuwageukia watu na tabasamu lake la ugimbi. Alipogeuka, mwanawe aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akaingiza mguu mmoja, akafikiri, akaingiza wa pili.

"Zabibu, kaa."

Alikaa. Ndani ya chungu.

Watu walianza kuziba midomo. Swalehe, ambaye muda wote huo alikuwa akichokoa shimo la mchwa pembeni mwa mkeka, aliona maji yakimwagika na hakuweza kukosa shughuli kama hiyo. Alichota kwa viganja viwili, akatafuta pa kuyapeleka. Mbele yake kulikuwa na kitu chekundu kinachotoa moshi. Akakimwagia.

Kiko kikazimika.

Jumbe alikishika kile kiko kilichokuwa kikichuruzika, akakitazama, akamtazama mtoto. Swalehe yeye alikuwa ameshamaliza na jumbe. Alikuwa amerudi kwenye mchwa wake.

"Mmeona?" Tindwa aliwahi. "Ni kile kile alichofanya kwenye chungu changu. Na mwenye akili zake yuko pale, tazameni. Yule ndiye mtoto. Eusebi hajasogea."

Watu walitazama. Kweli, katikati ya mkeka alikuwa amebaki Eusebi peke yake. Alikuwa amekaa vile vile alivyowekwa, mikono juu ya magoti. Nzi alitua kwenye kope lake, akatembea mpaka puani, na mtoto hakumfukuza. Maji yaliyomwagika yalifika miguuni pake. Hakuyatazama.

Kasiana alimwangalia mwanawe muda mrefu. Halafu akaingia mkekani, akampakata. Kichwa cha mtoto kikalala begani bila kuchagua upande.

"Huyu hajatulia, shemeji," alisema. "Huyu ana njaa. Kabla ya vita alikuwa akivunja vyungu vyangu, nikimchapa. Nimesahau lini aliacha."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mama pale aliwajua watoto wa umri ule. Kitu kimoja wanakishika kwa muda wa kufumba na kufumbua macho, wanakiacha, wanashika kingine, maana dunia yote kwao ni mpya na usingizi utafika kabla hawajamaliza kuigusa. Hakuna aliyewahi kuhitaji mganga wa kumweleza hilo. Walikuwa wamelisahau tu, na mtu wa nyungo mbovu akawauzia usahaulifu wao.

"Mama Swalehe," Kasiana akasema, akimgeukia Biasha. "Wako anatoa wapi nguvu?"

"Nampa na fungu langu."

"Basi nifundishe wewe unaishije."

"Nakunywa maji mengi," Biasha alisema.

Mama mzazi wa jumbe, aliyekuwa amekaa kizingitini akikuna mguu wake tangu mwanzo, alikohoa. "Tindwa, tuwafukuze basi. Wote waliosimama. Tuanze na nani, na yule aliyeketi ndani ya chungu?"

"Bibi, mimi nilisema..."

"Ulisema sana. Miguu yako leo unaumwa upi?"

Tindwa aliitazama miguu yake kwa uaminifu mkubwa, akitafuta.

Jumbe aliona njia ya kutoka humo bila kuonekana amekosea, akaishika. Alisema Biasha na mwanawe watabaki na kikapu chao kitabaki. Eusebi wa Kasiana ataanza kupewa kabla ya wengine. Na kwa kuwa kina mama wanapanda milimani na watoto mgongoni, wanarudi na nusu ya ming'oko ambayo wangeibeba, basi kuanzia kesho watoto watabaki chini, kwa mwanamume ambaye mguu wake haumruhusu kupanda.

"Wote?" Tindwa aliuliza.

"Wewe ndiye unayejua namna ya kuwakalisha."

Hivyo ndivyo alivyoishi mnyunyizaji wa Matogoro mpaka mavuno. Asubuhi aliletewa watoto, jioni walirudishwa, na katikati alikimbia. Mguu ulipona siku ya kwanza, miguu yote miwili kwa pamoja. Aliwatungia masharti, wakaingia nayo kwenye tope. Aliwapa kila mmoja ungo wa kuchezea, na kwa mara ya kwanza nyungo zake zikapata kazi inayozifaa. Mvua za kwanza ziliponyesha, Eusebi naye alikuwa ameanza kutoroka, na Kasiana, akipata habari hiyo, alikaa chini njiani na mzigo wake akalia.

Mwishowe Tindwa akachechemea mpaka sokoni Songea, kwa mguu wa kushoto safari hiyo, akanunua njuga za kuwafunga watoto miguuni, angalau asikie wamekwenda upande gani. Mdachi alikuwa ameleta sarafu zake za shaba zinazoitwa hela. Njuga moja ilikuwa hela nne, na Tindwa, aliyesema Mdachi angekuja kwake kuomba chumvi, alizihesabu hela za Mdachi moja moja mpaka kila mtoto akapata njuga yake.